Simu Iliyofungwa Mtandao Mmoja: Nafuu Yenye Masharti

Simu janja iliyofungwa kwenye mtandao mmoja huuzwa kwa bei nafuu, lakini mnunuzi hulipia nafuu hiyo kwa kukosa uhuru wa kutumia laini ya kampuni nyingine. Kanada iliagiza kuanzia Desemba 1, 2017 simu mpya ziuzwe zikiwa wazi na zilizofungwa zifunguliwe bila malipo. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa Desemba 2021.

Nchini Tanzania, haki ya kuhama mtandao bila kubadili namba ilianza Machi 2017. Simu iliyofungwa huifanya haki hiyo isitekelezeke. Hivyo, anayenunua simu iliyotumika kutoka nje ya nchi hana budi kuijaribu kwa laini yake kabla ya kulipa.