Walinzi na wapishi wa shule nao wachunguzwe





Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule yenye bweni. Mwaka jana tulimpokea mlinzi kwa barua ya mtendaji wa kijiji tu. Mwalimu ana vyeti na jalada. Mlinzi na mpishi je? Nao ndio wanaobaki na watoto usiku!

Uingereza waliumizwa na jambo hili. Mwaka 2002 mtunza majengo wa sekondari moja mjini Soham, Ian Huntley, aliwaua wasichana wawili wa miaka 10. Polisi wa Humberside, alikoishi zamani, walikwisha kupokea malalamiko kadhaa juu yake na wasichana. Kazi aliiomba kwa jina la Nixon, na polisi wa Cambridgeshire wakatafuta jina hilo peke yake. Tume ya Bichard iliyaeleza hayo mwaka 2004.

Wapo watakaosema hati ya polisi yatosha. Lakini malalamiko yale hayakuwahi kumtia Huntley hatiani. Basi tumwulize pia mwajiri wa zamani, naye aseme kweli, asimsifu mtu ili amwondoe kwake. Wa kwetu sijui hata alitoka shule gani. Kikao kijacho nitauliza.

Mzazi,
Morogoro.