Tiba ya Mgongo Huanzia Kwenye Swali

Adhabu ya kaburi, walisema wahenga, aijuaye maiti. Methali hii yafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila chumba cha tiba ya viungo nchini, kwani ni maradhi machache yanayomlazimu tabibu kutegemea maneno ya mgonjwa kama maumivu sugu ya mgongo na ya shingo. Malaria huonekana katika tone la damu, na mfupa uliovunjika huonekana katika picha ya eksirei. Lakini maumivu yaliyodumu kwa zaidi ya miezi mitatu, muda ambao wataalamu huanza kuyaita sugu, mara nyingi hayana alama mwilini ya kuyaeleza. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa mwaka wa 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa na sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba takriban tisa kati ya kila kumi hawana ugonjwa mahususi unaoweza kutajwa kuwa chanzo. Kwa watu hawa mahojiano ni sehemu ya tiba yenyewe.

Hoja yangu ni nyepesi. Matabibu wetu wa viungo hufunzwa kuuliza kwa Kiingereza, kisha huenda wakawahoji wagonjwa kwa Kiswahili wanachokitafsiri papo kwa hapo. Pengo lililopo baina ya lugha hizo mbili si dogo, na anayetumbukia humo ni mgonjwa.

Tuanze na salamu. Utafiti wa Chester, Robinson na Roberts, uliochapishwa mwaka wa 2014, ulionyesha kuwa matabibu wa viungo wa Uingereza hupendelea kumfungulia mgonjwa anayerudi kwa kumwuliza amekuwaje tangu walipoonana. Swali hilo ni jema kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili laweza kugeuka kuwa "Habari za tangu juzi?", na kila mwalimu wa lugha anajua jibu lake. Habari ni njema hata matangani! Mgonjwa aliyefunzwa adabu hujibu "Njema" kwanza, kisha huongeza "ila" au "lakini". Ugonjwa wenyewe umo baada ya neno hilo. Tabibu aliyekwisha kuandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri amesikia salamu tu.

Na je, husubiri kweli? Mwaka wa 1984 Beckman na Frankel walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu madaktari wa Marekani. Waligundua kuwa mgonjwa alikatizwa kauli baada ya wastani wa sekunde 18. Wapo watakaodai kuwa foleni za hospitali zetu haziruhusu mgonjwa kusimulia atakavyo. Langewitz na wenzake waliwapa jibu mwaka wa 2002 kutoka Uswisi: wagonjwa walioachwa waseme mpaka wamalize walitumia wastani wa sekunde 92. Dakika moja na nusu si gharama kubwa kwa mtu aliyeumwa na mgongo miaka saba.

Tuingie sasa katika maneno yenyewe. Mwaka wa 1975 Ronald Melzack, wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alitoa hojaji ya maumivu yenye maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20. Maneno hayo ni ya sifa: maumivu ni ya namna hii au ile. Kiswahili hakiendi hivyo. Kwetu sisi maumivu hutenda. Mgongo unaniuma, kwa kitenzi kile kile cha mbwa anayeuma, unanichoma, unanikata, unanivuta, shingo imekaza, mguu unawaka moto au umekufa ganzi. Tofauti hizi zina maana kubwa. Moto unaoshuka mguuni pamoja na ganzi humwelekeza tabibu kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa au kuwashwa, ilhali mgongo unaokaza asubuhi na kulegea baada ya kutembea una hadithi nyingine. Anayeuliza "Una maumivu kiasi gani, kutoka sifuri hadi kumi?" na kuishia hapo amepata tarakimu na kupoteza kitenzi.

Isitoshe, sarufi yetu hufanya kazi ambayo hojaji huihitaji maswali mengi kuikamilisha. "Mgongo huuma nikiinama" si sawa na "Mgongo unauma". Kiambishi hu- chadokeza mazoea, na -ki- chataja sharti: maumivu haya huja na kwenda, na mwendo unaoyaleta umekwisha kutajwa. Maumivu yasiyokoma mchana wala usiku, hata mgonjwa alale vipi, hayana budi kuchunguzwa zaidi. Uradidi nao una lake. Anayesema kiuno "kinaumauma" anaeleza jambo jepesi zaidi, la hapa na pale, kuliko anayesema kinauma. Hata neno kiuno lenyewe ni la kuchunga, kwani wapo wanaolitumia kwa sehemu ya chini ya mgongo na wapo wanaolinyoosha hadi kwenye nyonga. Dawa yake ni rahisi: mgonjwa aombwe aonyeshe kwa mkono.

Lakini mahali ambapo swali baya laweza kumlemaza mtu ni kwenye jambo la aibu. Kila tabibu wa viungo hufunzwa kuuliza juu ya dalili za hatari: homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani au kifua kikuu, na zaidi ya yote, ganzi katikati ya mapaja na mabadiliko katika kwenda haja. Dalili hizi mbili za mwisho zaweza kumaanisha kuwa mishipa ya fahamu iliyo mwisho wa uti wa mgongo imebanwa. Huo ni ugonjwa wa nadra, lakini upasuaji ukichelewa mtu aweza kushindwa kuzuia haja maisha yake yote.

Sasa mfikirie kijana wa miaka 24 akimwuliza mama wa umri wa nyanya yake, kwa Kiswahili cha kutafsiri, "Unakojoa vizuri?" Mama atajibu "Vizuri, mwanangu," ili swali lipite. Mficha uchi hazai, lakini muulizaji asiye na tafsida ndiye aliyemfanya afiche. Ingekuwa heri aseme: "Mama, niwie radhi, kuna swali ambalo sina budi kumwuliza kila mwenye maumivu haya. Baadhi yao hupata taabu ya kwenda haja ndogo au kubwa, au huhisi ganzi wanapojisafisha msalani. Nawe umeliona jambo kama hilo?" Hapo mama amepewa heshima yake na njia ya kusema ndiyo.

Hata swali la kufungia lina sayansi yake. Mwaka wa 2007 Heritage na wenzake walionyesha, kwa madaktari wa Marekani, kuwa kubadilisha neno moja tu katika swali la "kuna lingine?" kulipunguza kwa asilimia 78 shida zilizobaki bila kusemwa. Swali lililoelekea kwenye ndiyo lilifungua kinywa. Lililoelekea kwenye la halikukifungua. Kwa Kiswahili, "Hakuna lingine, sivyo?" hujijibu lenyewe. "Kuna jambo gani jingine linalokusumbua?" humwalika mtu aseme kuwa hapati usingizi, au kwamba anahofia kufutwa kazi kwa kushindwa kuinua mizigo. Na mambo hayo ndiyo mara nyingi huyafanya maumivu yadumu.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, katika kifungu cha 8, humtaka mhudumu ampashe mgonjwa habari, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kumweleza mtu ni nusu ya mazungumzo. Nusu ya kwanza ni kumwuliza na kumsikia. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Sioni basi kwa nini mwanafunzi wa tiba ya viungo ahitimu bila kutahiniwa, hata mara moja, akimhoji mgonjwa kwa Kiswahili fasaha chenye adabu.

Kazi hii si ya vyuo vya tiba peke yao. Walimu wa Kiswahili, wapeni wanafunzi wenu zoezi la kukusanya vitenzi vya maumivu kutoka kwa wazee wao, kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, na waandike kila kimoja hutumiwa kwa kiungo gani. Nanyi wanafunzi mnaotazamia kuwa matabibu, msilidharau somo la lugha mkidhani kuwa njia yenu ni bayolojia pekee. Atakapoketi mbele yenu mtu aliyeumwa miaka saba, chombo cha kwanza mtakachokitumia kitakuwa ni swali.