Kubadili Motokaa: Kiasi Ni Kipi?

 Huku Mbulumbulu matope yamekauka, na watu wakikutana njiani sasa huamkiana, hawaitani tena kusukuma magari. Juma hili nataka tuongee habari ya msumeno na spana. Usicheke. Kwa ajili ya vitu hivyo viwili, ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa karibu kunyimana mkono wa amani kanisani.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yao alipofariki aliwaachia Land Rover moja, nao wakaja katika ofisi ya parokia, nyuso zimekunjamana, wakitaka niwaandikie mapatano. Mdogo alitaka kulikata paa na kuliwekea tundu la kuinuka, ili abebe wageni. Mkubwa alisema, “Hiyo ni motokaa ya baba. Haitaguswa. Itakaa kama alivyoiacha.” Mdogo akajibu, “Kaka, mimi nataka mabadiliko ya kiasi tu.” Mkubwa akanigeukia mimi: “Karani, wewe ulisomea ualimu. Kiasi ni kipi?”

Swali hilo sikulijibu siku ile. Naomba tulitazame pamoja.

Kwanza ujue motokaa yenyewe. Ni Land Rover 109. Wengi hulitaja jina hilo pasipo kujua maana yake: ni inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma, yaani karibu sentimita 277. Land Rover za kwanza zilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam mwaka 1948, na kipimo hiki cha 109 kilifuata mwaka 1956. Bodi yake ni ya alumini, kwa maana baada ya vita chuma kilikuwa haba Uingereza. Marehemu aliinunua ikiwa imekwisha kuchoka, akaipakia ngano na wagonjwa kwenda Karatu. Watoto wengi wa kijiji chetu walikaribia kuzaliwa ndani yake, na mmoja alizaliwa kweli. Sasa waelewa kwa nini kaka mkubwa hapendi kusikia habari za msumeno.

Lakini ugomvi wa namna hii haukuanza kwetu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana wa California, Marekani, walikuwa wakinunua Ford, Chevrolet na Mercury, kisha wakizipeleka kwa mafundi ili zisifanane na za jirani. Fundi aliondoa nembo ya boneti na vitasa vya milango, akaziba matundu kwa risasi iliyoyeyushwa, akapiga rangi ya kung'aa, akaishusha motokaa ikalala karibu na barabara. Wao wenyewe husema wameinyoa. Motokaa iliyofanyiwa hayo tu, wanaihesabu kuwa imebadilishwa kwa kiasi. Kwa nini kiasi? Kwa sababu ukiitazama kutoka ng'ambo ya barabara bado wasema, “Ile ni Mercury ya mwaka 1949.”

Alikuwako fundi mmoja, jina lake Sam Barris, aliyetwaa Mercury yake mwenyewe ya mwaka huo, akazikata nguzo za paa, akalishusha. Hapo mpaka ukavukwa. George, ndugu yake, alifika mbali zaidi: alichukua Lincoln Futura iliyoundwa mwaka 1955, akaigeuza kuwa motokaa ya Batman ya mchezo wa televisheni wa mwaka 1966. Leo nani akiiona hukumbuka kwamba ilikuwa Lincoln? Basi wengi wa wapenzi wa magari hayo huhesabu hivi: kupamba ni kiasi, kukata paa si kiasi.

Wengine lakini watasema jicho hudanganya. Kisiwani Cuba, tangu Marekani ilipofunga biashara nao mwanzoni mwa miaka ya 1960, magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yamedumu barabarani kwa ustadi wa mafundi. Kwa nje ni Chevrolet safi. Funua boneti, mara nyingi utakuta injini ya dizeli iliyotoka nchi nyingine kabisa. Je, hayo ni mabadiliko ya kiasi? Kwa jicho, ndiyo. Kwa sikio, hapana. Nasi pia tunazo Land Rover nyingi zinazonguruma kwa injini za Kijapani, na wenyewe huapa kwamba ni Land Rover halisi.

Turudi nyumbani. Simama nusu saa katika barabara kuu ya Karatu iendayo lango la Lodoare. Utaona Toyota Land Cruiser zilizokatwa paa ili liinuliwe, na nyingi zimekatwa chesi katikati zikaongezwa urefu, ili viti viwe vingi. Siwalaumu wenye nazo. Mtu aliyetoka mbali amtazame simba akiwa amesimama, si kwa kuchungulia dirishani kama mdaiwa. Tena nchi yetu imezoea hayo: katika sinema iitwayo Hatari!, iliyopigwa Tanganyika na kutolewa mwaka 1962, John Wayne anawinda wanyama akiwa ameketi katika kiti kilichofungwa mbele ya motokaa, juu ya madigadi. Ila mambo haya tusiyaite ya kiasi. Gari lililoongezwa urefu ni gari jipya lenye jina la zamani. Huenda ni zuri kuliko la kwanza. Kiasi si neno la sifa, msomaji; ni neno la kipimo.

Basi nikawaambia wale ndugu tuiendee motokaa yenyewe, tukamwita na fundi. Kaka mkubwa akarudia neno lake: “Itakaa kama baba alivyoiacha.” Fundi akaingia uvunguni, akakaa kitambo, akatoka akicheka. Akasema, “Mzee aliiacha vipi? Maana hii haiko kama ilivyotoka kiwandani hata kidogo.” Akatuonyesha. Mabenchi ya nyuma yalikuwa ya basi. Bampa ilikuwa ya tela la ngano. Tangi la pili la mafuta liliongezwa baadaye. Rangi ilipakwa kwa brashi, na ukikwangua wakuta nyingine tatu chini yake. Kumbe marehemu alikuwa akiibadili miaka yote!

Kaka mkubwa akanyamaza. Mdogo akataka kushangilia, lakini fundi akamzuia. “Tazama na hili,” akasema. “Hakuna alipokata. Kila kitu kimefungwa kwa bolti.” Kisha akafungua sanduku la vyombo, na ndani mlikuwa na kopo la kahawa limejaa bolti za kwanza za bampa, zimepakwa grisi. Mzee hakutupa kitu. Alibadili motokaa yake kama mtu ajuaye kwamba kesho huenda akataka kurudi.

Hapo ndipo nilipopata jibu ambalo vitabu vya chuoni havikunipa. Mabadiliko ya kiasi ni yale yanayorudishika kwa spana. Yale ya msumeno na ya moto wa kuchomelea yana jina lingine. Tena alumini si kama chuma ambacho mafundi wetu hukichomelea kila siku. Ukiikata, kuiunga ni kazi kubwa.

Nikauliza, “Na paa je, limeshikwa na nini?” Fundi akanitazama kana kwamba nimeuliza jua huchomoza wapi. “Bolti,” akasema. Ndiyo, msomaji, paa la Land Rover za kale hufunguka. Asubuhi moja tu ya kazi, spana ya nusu inchi na mafuta ya kulainisha kutu, likashuka zima. Mdogo akatafuta paa la 109 nyingine iliyokwisha kufa, akalikata hilo apendavyo. La baba likatundikwa katika ghala la ngano. Nami nikaandika mapatano: paa la ghalani ni la wote wawili, wala hapana aliuzaye pasipo mwenzake. Habari ya leseni ya kubeba wageni nikawaelekeza kwenye ofisi zinazohusika; mimi niliulizwa la paa.

Usidhani kaka mkubwa alifurahi sana. Alisema, “Paa lisilo na gari ni sufuria tu.” Sikuwa na jibu la kumpa, na hata leo sina. Lakini Jumapili iliyofuata niliwaona wakipeana mkono wa amani, na huo haukuwa wa kuigiza.

Nawe unayesoma, labda unayo motokaa, au pikipiki, au hata nyumba ya marehemu baba, na mkono wawasha kuibadili. Jiulize mambo matatu. Je, likinishinda nitaweza kulirudisha? Je, nimegusa mifupa, yaani chesi, breki na stelingi? Hapo hata kidogo si kidogo, kwa maana roho za watu zimo. Mwite fundi anayejua, tena uhakikishe kadi ya gari yasema kweli kuhusu rangi na injini. Na la tatu: je, wale wanaokipenda kitu hiki pamoja nami, nimewauliza?

Bwana wetu alipotaka kutufundisha alitumia mfano wa kiraka kipya juu ya nguo kuukuu. Hakukataza kushona. Alitutaka tutazame kwanza nguo ni ya namna gani, ili tundu lisizidi kuwa kubwa. Wale ndugu nguo yao ilikuwa udugu, na motokaa ilikuwa kiraka. Nusura waipasue.

Ukipita Mbulumbulu ukaona Land Rover kuukuu yenye paa lisilofanana na bodi, punga mkono. Kopo la bolti limo ndani, chini ya kiti, na grisi yake ni mpya.

Hata juma lijalo, tukijaliwa.