Mtoto akimeza dawa ya tezi, usihukumu kwa siku ya kwanza

Mtoto amemeza vidonge vya bibi yake asubuhi. Jioni anacheza, usiku amelala vizuri, na wazazi wanaona yamepita. Lakini kama ni levothairoksini, dawa ya watu ambao tezi yao ya shingo haitoi homoni ya kutosha, bado ni mapema kushusha pumzi.

Homoni iliyo kwenye kidonge huitwa T4. Yenyewe haina nguvu sana. Mwili huibadilisha polepole kuwa T3, na hiyo ndiyo huufanya moyo upige haraka na kwa nguvu zaidi. Tena T4 haitoki upesi: kwa mtu mzima, nusu yake huchukua takribani siku 7 kwisha. Ndiyo maana dalili zinaweza kuanza baada ya siku kadhaa.

Dalili zenyewe ni moyo kwenda mbio hata mtoto akiwa amelala, homa, jasho, kutetemeka, kutapika, kuhara na kukosa usingizi. Mara chache mapigo huenda ovyo, au mtoto hupata degedege.

Watoto wengi waliomeza vidonge vichache mara moja hupona bila madhara ya kudumu. Wasiwasi ni mkubwa zaidi kwa aliyemeza vingi sana, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo.

Kuna pia kosa lisiloonekana. Dawa hii hupimwa kwa mikrogramu, na kuna vidonge vya 25, 50 na 100. Mtoto aliyeandikiwa 25 akipewa cha 100, anapata dozi mara nne. Likirudiwa kila siku, moyo wake haupumziki. Kila unapochukua dawa mpya, soma namba na uilinganishe na ya zamani.

Akishameza, usimtapishe kwa kidole wala kwa maji ya chumvi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, ukiwa na pakiti ya dawa, ukijua vidonge vingapi vimepungua na saa aliyomeza. Akiruhusiwa kurudi nyumbani, uliza umwangalie kwa siku ngapi. Akianza kuhema, kuzimia au kupata degedege, mrudishe mara moja.

Na kama mtoto wako ameandikiwa dawa hii, usiiache kwa hofu. Ubongo wake unaihitaji ili ukue. Kinachotakiwa ni kipimo sahihi, na pakiti iwekwe mahali ambapo mkono mdogo haufiki.