ATCL: NAHODHA MPYA, DAU LILE LILE

Msomaji, kila ATCL ikienda mrama, wakubwa hutuonyesha sura mpya. Mwaka 2002 mkombozi alikuwa SAA ya Afrika Kusini, ikapewa asilimia 49 ya hisa. Mwaka 2006 Serikali ikazinunua tena. Desemba 2008, chini ya David Mattaka, shirika likanyang'anywa hata cheti cha kurusha ndege! Mwaka 2016 kaja Ladislaus Matindi, 2024 Peter Ulanga.

Na hesabu je? Mkaguzi Mkuu kaandika hasara ya shilingi bilioni 56 kwa 2022/23. Mwaka uliofuata, bilioni 91. Shirika ni la Serikali ya Muungano, kwa hiyo hasara ni yako pia, kijana wa Darajani, unayekwenda Kiembesamaki kupokea wageni tu.

Kubadili mkurugenzi ni rahisi. Lakini ndege si zake. Anazikodi kwa Wakala wa Ndege za Serikali. Mwaka 2022 Airbus zikalala chini kwa ubovu wa injini. Mkurugenzi gani angezinyanyua? Tunataka mkataba huo wa kukodi uwekwe hadharani, tuusome, kabla hajateuliwa mwengine.