Tafakari ya Juma: Ukumbi wa Solomoni na Baridi ya Chicago



Wapendwa taifa la Mungu, Mwinjili Yohane, katika sura ya 10 ya Injili yake, anatuachia taarifa ndogo ambayo wengi wetu huisoma na kuipita. Anatueleza kwamba huko Yerusalemu palikuwa na sikukuu ya Kutabaruku Hekalu, kwamba wakati huo ulikuwa wa baridi, na kwamba Yesu alikuwa akitembea katika ukumbi wa Solomoni. Mara baada ya hapo yanafuata mabishano makali, mawe yanaokotwa, nasi wahubiri tunakimbilia huko. Mimi kwa miaka kadhaa sasa nimekwama kwenye huko kutembea. Yerusalemu umejengwa juu ya milima, karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari. Mvua ya Desemba huko huuma, na miaka mingine theluji huanguka. Bwana wetu angeweza kujifungia katika nyumba ya rafiki na kuota moto. Badala yake alikwenda mjini, wakati wa sikukuu ambayo Wayahudi huiadhimisha kwa taa hadi leo, akatembea mahali palipoezekwa na palipokuwa wazi kwa watu.

Ninayaandika haya Chicago. Tumekwisha kuingia Majilio, jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni, na upepo utokao Ziwa Michigan hauulizi mtu ametoka wapi. Juma lililopita, baada ya Misa, nilimwuliza mama mmoja mzaliwa wa Kivu kama amekwisha kuuzoea mji. Akanijibu: "Padri, huu ni mwaka wangu wa nne, na mji wenyewe siujui. Ninajua kazi, ninajua basi, ninajua kitanda." Aliyasema bila kulalamika, kana kwamba ananitajia namba ya nyumba yake, na hilo ndilo lililonisumbua usiku ule.

Ninajua hayuko peke yake. Miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili katika mji huu, tuwe tumetoka Kongo, Tanzania, Kenya au Burundi, umejengeka msemo usioandikwa popote: baridi ni ya kuvumiliwa, na sisi tulikuja kutafuta, hatukuja kutembea. Kuanzia Novemba mpaka Aprili tunafunga madirisha, tunavuta mapazia, na tunauhesabu mwaka kuwa na miezi sita. Watoto hukua wakiamini kwamba nje ni adui. Ninaheshimu sababu za msemo huo, maana ziko kodi za nyumba na ndugu wanaosubiri ada nyumbani. Hata hivyo nadhani ni msemo mbaya, nao unatudhuru rohoni.

Nami niliufuata. Majira yangu ya kwanza ya baridi, nikiwa mwanafunzi, nilijifungia chumbani tangu Desemba hadi Februari, nikitoka kwa ajili ya Misa na masomo tu, na nilijidanganya kwamba huo ulikuwa ukimya wa sala. Haukuwa sala. Kufikia Februari niliadhimisha Misa kama mtu anayehesabu magunia. Ndipo padre mmoja mzee tuliyeishi naye alipogonga mlango asubuhi moja akiwa ameshika jozi ya mabuti, akaniambia neno moja tu: vaa. Alinipeleka ufukweni. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba ziwa lilifuka moshi, ukipanda juu ya maji kama mvuke wa sufuria ya uji, na kando ya ukuta wa bahari (wenyeji wa hapa nao huliita ziwa, lakini macho yangu hadi leo yanaona bahari) barafu ilikuwa imejirundika vipande vipande, vikigongana na kutoa sauti ya vikombe. Kila asubuhi ya Dominika ya kwanza ya Zaburi, tangu seminarini, nilikuwa nimesali wimbo wa wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli walioialika barafu na theluji kumtukuza Mungu. Niliusali nikitokwa na jasho, bila kujua ninamwalika nani. Siku ile nilijulishwa kwake.

Mpendwa msomaji, sikusimulii haya ili nikudharau wewe unayeogopa baridi. Baridi ya Chicago huua. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 31 za Selsiasi chini ya sifuri; barua hazikusambazwa, na baadhi ya reli ziliwashiwa moto wa gesi ili njia za kubadilishia treni zisigande. Siku za namna hiyo ukae ndani, na paroko wako atakuombea huko huko. Lakini siku hizo huhesabika kwa vidole. Nyingi zilizobaki zinahitaji koti.

Hapo kwenye koti ndipo nina neno gumu. Mtume Paulo, katika Waraka wa Pili kwa Timoteo, akiwa kifungoni katika mji mkubwa wa Roma, anamwagiza mwanafunzi wake amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, na anamsihi ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Mtu aliyeandika juu ya taji la haki katika ukurasa ule ule hakuona aibu kuandika juu ya joho. Sisi je? Tunachangia harusi na misiba kwa moyo ambao mataifa mengine wangeuhusudu, na ni jambo jema. Lakini ndugu anaposhuka uwanja wa ndege mwezi wa Januari akiwa na sweta la Nairobi, tunamwambia pole, atazoea. Hazoei. Anajifungia. Mwaka 2023 tuliwaona wageni waliotoka Venezuela wakilala na watoto wao kwenye sakafu za vituo vya polisi vya mji huu, wengine wakiwa na ndala miguuni, na tukatikisa vichwa kwa huruma. Ilhali miongoni mwetu wenyewe wako waliomaliza majira mazima kwa viatu vya raba. Makoti yapo. Ni yale yale ambayo tukiyaona Mwanza au Arusha tunayaita mitumba, na hapa yananing'inia kwenye maduka ya misaada kwa bei ya mlo mmoja. Koti zito, kofia inayofunika masikio, soksi za sufu, na mabuti yasiyopitisha maji: mtu aliyevaa hivyo anaweza kuanza kufikiri juu ya furaha. Asiye navyo, usimhubirie habari ya furaha, mvishe kwanza.

Mwenye koti sasa aende wapi? Naturudi kwenye ukumbi wa Solomoni. Ulikuwa safu ya nguzo zilizoezekwa upande wa mashariki wa Hekalu, na kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 3 na ya 5, kinatuonyesha kwamba Petro na wenzake waliendelea kukutana na watu papo hapo. Kanisa changa, kabla ya kuwa na jengo lolote, lilikuwa na baraza ya umma.

Chicago ina kumbi za namna hiyo nyingi kuliko tunavyodhani, na mlangoni hakuna anayekudai senti. Maktaba kuu, iliyofunguliwa mwaka 1991 na kupewa jina la Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa mji huu, ina juu kabisa, ghorofa ya tisa, ukumbi mkubwa wenye paa la kioo. Ukikaa pale saa sita mchana theluji ikianguka juu ya kioo, huhitaji tena kuelezwa mbingu ni nini. Jengo la zamani la maktaba, lililofunguliwa mwaka 1897, siku hizi ni kituo cha utamaduni, nalo lina kuba la vioo vya rangi ambalo ningependa kila katekista wetu alione walau mara moja. Bustani ya wanyama ya Lincoln Park, iliyoanza mwaka 1868, nayo ni bure, na wakati wa baridi haina msongamano.

Lakini mahali ninapopapenda kuliko pote ni nyumba ya vioo ya Garfield Park, upande wa magharibi, iliyofunguliwa mwaka 1908. Mwezi Juni 2011 mvua ya mawe iliyavunja vibaya mapaa yake, nao wakayajenga upya. Unashuka kwenye treni ya mstari wa kijani, pua imekufa ganzi, unasukuma mlango, na ghafla miwani yako inajaa ukungu. Unapoifuta, mbele yako umesimama mgomba. Harufu ni ile ya shamba baada ya mvua. Niliwahi kumpeleka huko mzee mmoja kutoka Bukoba ambaye tangu Novemba hakuwa amezungumza zaidi ya maneno kumi kwa siku. Alilishika jani la mgomba, akalipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa mtu kitambaa sokoni, kisha akaanza kunieleza makosa ya waliotunza shina lile. Alieleza kwa muda wa saa nzima. Sijapata kusikia ukosoaji ulionifurahisha namna ile.

Wale wanaopenda makumbusho wasisahau kwamba Field Museum wanakaa jamaa zetu wawili: simba wa Tsavo, madume wasio na manyoya shingoni, waliowaua wafanyakazi wa reli mwaka 1898. Patterson aliyewapiga risasi alizitumia ngozi zao kama mazulia miaka mingi, kisha akaziuza kwa makumbusho hayo mwaka 1924 kwa dola 5,000. Hapo kiingilio kipo, ila wakazi wa Illinois huwa na siku maalumu za kuingia bure. Ninawataja kwa sababu watoto wetu wakisimama mbele ya kioo kile hupata jambo la kuwaeleza wenzao shuleni, na kwa sababu simba hao wamekwisha kumaliza majira ya baridi mia moja hivi hapa bila kulalamika.

Najua yuko atakayeniuliza: Padre, je, si anasa kustarehe mjini ilhali wako wanaolala treni? Ni swali la haki, nami silikwepi. Mistari ya treni ya rangi nyekundu na ya buluu hufanya kazi usiku kucha, na usiku wa baridi wako watu wanaokwenda na kurudi mwisho hadi mwisho, kwa kuwa behewa ndiyo nyumba. Ila ninaona kwamba anayejifungia ndani hamwoni mtu huyo kamwe. Anayetoka humwona. Amesimama naye jukwaani chini ya zile taa za joto ambazo mtu hubonyeza kitufe zikawaka, tukabanana chini yake kama vifaranga, mwanasheria, mfagizi, padre na asiye na makazi, kila mmoja akimpisha mwenzake inchi moja ya joto. Ukisimama hapo utajua jina lake. Utajua pia kwamba namba 311 huelekeza watu mahali pa kupata joto, na maktaba za mitaa zimo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana, inapotajwa bajeti ya maktaba na bustani, mwamini asidhani kwamba ni mambo ya wengine. Mwaka 1979 meya wa mji huu alishindwa na mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, na wengi husema ni theluji ya Januari ile, isiyozolewa barabarani, iliyomwangusha. Wenyeji wanaelewa kwamba baridi ni jambo la umma.

(Wanaelewa pia jambo moja ambalo bado linanichekesha: aliyezoa theluji mahali pa kuegesha gari huweka hapo kiti kibovu, na majirani hukiheshimu kiti hicho kuliko sheria ya mji, ambayo haikitambui. Kitubio kinachohusu viti hivyo nimekwisha kukisikia, na sitasema zaidi.)

Waliotutangulia katika somo hili ni ndugu zetu Wamexico, ambao nao walitoka kwenye jua. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba, umati mkubwa wa mahujaji huelekea kwenye madhabahu ya Mama Yetu wa Guadalupe huko Des Plaines, kaskazini-magharibi mwa mji. Wengi huenda kwa miguu, wengine mwendo wa saa nyingi, wakiwa na maua, magitaa na watoto waliofungwa blanketi mpaka puani. Hakuna aliyewaambia wasubiri Mei. Ukitembea nao mara moja utatambua kwamba nyayo haziumi sana zikiwa nyingi.

Basi, Jumamosi ijayo, baada ya Misa ya asubuhi, tutakutana kwenye ukumbi wa parokia na kwenda pamoja Garfield Park. Watoto wa chini ya miaka saba hawalipi nauli wakiwa na mtu mzima anayelipa. Kila mmoja avae soksi mbili. Makoti kumi na moja yako kabatini sakristia, mengi ni ya kike, na mabuti manne ya namba kubwa. Mwenye la ziada nyumbani alilete Dominika hii, asisubiri tangazo. Chai ya tangawizi itabebwa na akina mama wa Jumuiya, nami nitabeba vikombe. Yule mama wa Kivu ameahidi kuja, kwa sharti kwamba nisimpandishe kwenye barafu ya ziwa, na nimemhakikishia kwamba hata mimi siipandi.