Mtoto kavunjika mkono, risiti kwanza au dawa ya maumivu?

Jumapili moja alasiri mwana wa ndugu yangu, kijana wa miaka 6, alianguka mwembeni kwao Kisauni. Mkono wa kushoto ulipinda mahali ambapo mkono haupindi. Tukampakia kwenye tuktuk hadi hospitali ya umma. Jina lake naliweka kando, kwani niliyoyaona pale yangeweza kutokea karibu hospitali yoyote ya Pwani.

Tulifika saa kumi kasorobo. Karani akataka nambari ya SHA ya babake, kisha risiti ya eksirei. Muuguzi akaja, akautazama mkono, akaandika, akaenda zake. Nilipomuuliza kama mtoto anaweza kupewa japo kitu cha kumtuliza, akaniambia kwamba akipewa sasa, daktari hatajua maumivu yako wapi. Ilipokaribia saa kumi na mbili watu wawili wakamshika, mkono ukanyooshwa juu ya meza ya eksirei. Mimi mtu mzima nilitoka nje. Magharibi inaadhiniwa ndipo babake alipovuka barabara kununua chupa ya parasetamoli ya maji duka la dawa, shilingi 120.

Muuguzi yule simlaumu. Alikuwa peke yake na foleni ilifika mlangoni. Jibu lake ndilo lililonikaa moyoni, kwa sababu ni imani ya zamani ambayo wataalamu wameshaipima na kuona haina msingi. Hata kwa mtoto anayeumwa na tumbo, dawa ya maumivu haimzuii daktari kuujua ugonjwa. Mtoto aliyetulia anapimika vizuri kuliko anayepiga mateke.

Iko imani nyingine, kwamba mtoto mdogo hasikii sana maumivu, na akiyasikia atasahau. Msidhani ni ujinga wetu peke yetu. Mpaka miaka ya 1980, hata Uingereza na Marekani, vichanga walikuwa wakipasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli na kiasi kidogo tu cha dawa ya usingizi. Mwaka 1987 Dkt Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vichanga waliopewa dawa kali ya maumivu wakati wa upasuaji walipata matatizo machache baadaye kuliko wenzao ambao hawakupewa. Kwa hivyo maumivu yenyewe yanaudhuru mwili.

Mtu atasema dawa hazipo. Kuna ukweli. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba hospitali 7 tu kati ya takriban 250 za umma nchini zilikuwa na mofini ya kunywa. Ripoti ile ilihusu watoto wagonjwa mahututi, si walioanguka miembeni, lakini hofu ni ile ile: mofini ni dawa ya kulevya kisheria, hufungiwa kabatini, huandikwa kitabuni, na kila mtu anaogopa kuulizwa. Sisi Wapwani tuliozika vijana kwa sababu ya unga tunaielewa hofu hiyo. Hata hivyo, dozi moja iliyopimwa kwa kilo za mtoto, mbele ya muuguzi anayemwangalia anavyopumua, haina uhusiano na unga wa vichochoroni.

Tena wengi wa watoto hawa hawahitaji kufika kwenye mofini. Parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, au ibuprofeni miligramu 10 kwa kilo, zinaweza kutolewa pale pale mlangoni mtoto anapopimwa uzito. Mkono uliovunjika ukifungwa banzi usichezecheze, nusu ya vita imekwisha. Kwa kuunga mfupa ipo ketamini, dawa ya bei nafuu ambayo hospitali zetu zinaijua miaka mingi, ikitolewa na aliyefunzwa na vifaa vya kupumulia vikiwa karibu. Mtoto asiyeweza kueleza huonyeshwa picha za nyuso, kuanzia inayocheka hadi inayolia, akachagua yake. Karatasi moja ubaoni, basi.

Katiba, kifungu cha 43(2), inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua: huduma kabla ya kufika hospitali, kuimarisha hali ya mgonjwa, na kumhamisha. Hospitali yenye uwezo ikikataa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Neno maumivu halimo katika orodha hiyo, na nadhani hapo ndipo tunapopotelea. Mtoto asiyetoka damu anahesabiwa kuwa hali yake imeimarika, akakae benchi. Bunge za kaunti za Mombasa, Kilifi, Kwale na nyinginezo za Pwani zinaweza kudai jambo dogo tu: dawa ya kwanza ya maumivu itolewe kabla ya karani kuuliza nambari, na saa iliyotolewa iandikwe kwenye faili. Tutajua nani amefanya na nani hajafanya.

Na sisi wazazi tujitazame. Mtoto ameungua kwa mafuta ya mahamri, tunampaka dawa ya meno badala ya kumwagilia maji baridi ya bomba dakika 20. Tunamwambia jikaze, mwanamume halii. Wengine huita hiyo subira, ilhali Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu. Mwishoni mwa 2023 Shirika la Afya Duniani liliposema kwamba huko Gaza watu wanakatwa viungo bila ganzi, misikiti yetu ililia, na ilikuwa haki yetu kulia. Kule dawa zilizuiliwa mpakani. Kwetu chupa ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Kijana wetu alifunguliwa plasta baada ya wiki sita na mkono umepona, alhamdulillah. Mwezi uliopita alishikwa na homa, babake akampeleka kupimwa malaria. Alipoliona lango la hospitali aliing'ang'ania nguzo ya tuktuk, na dereva akalazimika kuzima injini kumsubiri.